Matusi, Ashiki na Ponografia: Historia Fupi ya Maneno Tunayohukumia Riwaya

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha jinsi uhaba wa istilahi unavyoweza kuigeuza tofauti ya maoni ikawa hukumu. Mfano tuliouchagua ni wa maandishi ya fasihi yanayosimulia mapenzi ya kimwili bila kuyafumba sana. Wasomaji wa maandishi hayo hawajapata kuafikiana mahali popote. Wako wayaonao kuwa sanaa, wako wayaonao kuwa upotofu, na wako wasemao kwamba ni sanaa lakini si ya kila mtu. Hatukusudii kuamua ni nani kati yao amepata na nani amekosa. Kazi ya istilahi si kutoa fatwa. Swali letu ni dogo zaidi: wasomaji hao wanapobishana kwa Kiswahili, je, wanayo maneno ya kutosha ya kubishania?

Suala hili si la nadharia tu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo wafasiri wa sheria wana kazi kubwa mbele yao, na katika kazi hiyo watakutana na kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachokataza biashara ya maandishi na picha zinazohesabiwa kuwa chafu. Mfasiri afikapo hapo hana budi kuchagua. Akiandika “maandishi ya matusi” atakuwa amesema jambo moja. Akiandika “maandishi machafu” atakuwa amesema jingine. Na akiandika “maandishi yanayoamsha ashiki” atakuwa amezitia hatiani hata nyimbo nyingi za arusi. Neno atakalolichagua ndilo hakimu atakalolipimia kitabu, na ndilo mwalimu atakaloliogopa.

1. Neno “matusi” na mipaka yake

Tuanze na neno lililo karibu zaidi na mkono. Msomaji wa kawaida akikutana na ukurasa unaotaja mambo ya mwili waziwazi husema, “Kitabu hiki kina matusi.” Neno hili lina maana mbili zilizoshikamana. Ya kwanza ni kumvunjia mtu heshima: anayemwita mwenziwe mpumbavu au mbwa amemtukana, ingawa hakutaja uchi. Ya pili ni kutaja hadharani yale yaliyositiriwa: anayetamka majina ya sehemu za siri mbele za watu huambiwa naye katukana, ingawa hakumlenga mtu yeyote.

Katika mazungumzo mchanganyiko huu hauleti taabu, maana msikilizaji huyaona mazingira kwa macho yake. Katika uhakiki wa vitabu taabu huanza mara moja. Riwaya inayosimulia mtu na mpenzi wake chumbani haimtukani mtu yeyote. Lakini ikishaitwa ya matusi, maana ya kwanza humwingia msomaji akilini pamoja na ya pili, naye huhisi kwamba ametukanwa yeye, au wazazi wake, au taifa lake. Hasira hiyo imeletwa na neno kabla kitabu hakijafunguliwa.

Yafaa tukumbuke kwamba Waswahili hawakupungukiwa na lugha ya mambo haya. Katika unyago mwari hufundishwa na somo yake, na nyimbo zinazoimbwa humo zataja mengi kwa majina yake. Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude na kufariki mwaka 2013, alisifika ulimwenguni kwa taarabu, lakini kwao alisifika pia kwa ngoma ya unyago. Maneno yale yale yanayohesabiwa kuwa elimu ndani ya unyago, yakitamkwa sokoni ni matusi. Washairi nao walipita njia nyingine. Tangu zamani za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ushairi wa mapenzi umetumia fumbo: tunda, ua, chombo na bahari vimebeba maana ambayo mkubwa huielewa na mtoto humpita. Wanaisimu wetu wameipa adabu hiyo ya kusema kwa kusitiri jina la tasfida.

Ni dhahiri basi kwamba jadi yetu haikuuliza tu kama neno ni zuri au baya. Iliuliza: linasemwa wapi, na nani, mbele ya nani? Utaratibu huo ulitegemea watu kukaa pamoja na kuonana. Kitabu kilichopigwa chapa kiliuvunja. Kitabu hakina mlango wala bawabu. Kikishauzwa humfikia mwari na asiye mwari, baba na binti yake, mwalimu na mwanafunzi wake. Hapo ndipo ilipo asili ya ugomvi, na si katika maneno yenyewe.

2. Kutoka mwaka 1857 hadi 1960

Ugomvi wa namna hii haukuanzia kwetu, na maneno ya sheria zetu yalizaliwa katika ugomvi wa wengine. Mjini Paris, mapema mwaka 1857, Gustave Flaubert alishtakiwa kwa riwaya yake Madame Bovary, akaachiliwa. Miezi michache baadaye Charles Baudelaire akashtakiwa kwa diwani yake Les Fleurs du mal. Yeye alitozwa faini, na mashairi 6 yakaamriwa kuondolewa. Mwendesha mashtaka katika kesi zote mbili alikuwa mmoja, Ernest Pinard. Hukumu ya Baudelaire haikufutwa hadi mwaka 1949, miaka mingi baada ya mshairi kufa.

Mwaka huo huo wa 1857 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaruhusu mahakimu kuamuru maandishi machafu yateketezwe, bila kueleza uchafu ni nini. Maelezo yalikuja mwaka 1868 katika kesi ijulikanayo kwa jina la Hicklin. Jaji Mkuu Cockburn alisema kwamba kipimo ni mwelekeo wa maandishi kuwapotosha wale ambao nyoyo zao ziko wazi kwa uovu wa namna hiyo, na ambao maandishi hayo yaweza kuwaangukia mikononi. Kipimo hiki hakiulizi mwandishi alikusudia nini, wala kitabu kizima kinasema nini. Kinamuuliza msomaji aliye dhaifu kuliko wote. Msomaji huyo hakuitwa mahakamani, wala hakuwa na jina. Alibuniwa, kisha akafanywa kuwa kipimo cha wasomaji wengine wote.

Fikra hiyo ilisafiri pamoja na utawala wa kikoloni. Tanganyika ilitumia kwanza kanuni ya adhabu ya India, kisha mwaka 1930 ikawekewa kanuni yake yenyewe. Maneno ya kanuni hiyo juu ya vitu vyenye mwelekeo wa kupotosha maadili ni ya ukoo ule ule wa Hicklin. Mfasiri wa leo anafasiri, pasipo kujua pengine, woga wa London wa karne ya 19.

Uingereza yenyewe ilibadili njia mwaka 1959. Sheria mpya ilitaka kitabu kipimwe kwa ujumla wake, na ikawaruhusu wataalamu kutoa ushahidi juu ya thamani yake ya kifasihi. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilijaribiwa. Kampuni ya Penguin ilishtakiwa kwa kutaka kutoa toleo kamili la Lady Chatterley's Lover, riwaya ya D. H. Lawrence iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mjini Florence mwaka 1928. Mwendesha mashtaka, Mervyn Griffith-Jones, aliliuliza jopo la raia 12 kama kitabu hicho ni cha kuachwa nyumbani, na kama wangependa wake zao au hata watumishi wao wakisome. Swali hilo lilidhihirisha kile tulichokwisha kukiona: hofu haikuwa juu ya kitabu, bali juu ya nani atakifungua.

Mashahidi 35 walisimama upande wa utetezi, miongoni mwao waandishi E. M. Forster na Rebecca West. Askofu wa Woolwich, John Robinson, alikitetea kitabu kwa misingi ya dini, na baadaye akakemewa hadharani na Askofu Mkuu wa Canterbury. Kwa sisi watu wa istilahi ushahidi wenye mafunzo zaidi ni wa mhadhiri Richard Hoggart. Yeye alisema kwamba riwaya ile ni ya kipuritani. Mwendesha mashtaka alistaajabu, kwani kwa watu wengi mpuritani ni mtu mkavu anayechukia anasa. Hoggart alikusudia maana ya asili, yaani mtu anayewajibika mbele ya dhamiri yake mwenyewe. Hapa watu wawili wenye lugha moja na elimu ya juu walibishana juu ya kitabu, kumbe kwa sehemu walikuwa wakibishana juu ya kivumishi kimoja. Tarehe 2 Novemba 1960 Penguin iliachiliwa. Kitabu kilipotolewa siku chache baadaye, nakala 200,000 ziliuzwa siku ya kwanza.

Hata hivyo mwaka 1964 Mahakama Kuu kabisa ya India, ikitumia kipimo cha Hicklin, iliamua kwamba riwaya hiyo hiyo ni chafu, na muuza vitabu wa Bombay akabaki na hatia yake. Ilipofika mwaka 2014 ndipo mahakama hiyo ilipokiacha kipimo hicho. Kitabu ni kimoja na maneno yake ni yale yale. Tofauti ilikuwa katika kipimo.

3. Rosa Mistika na wasomaji wake

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1971 East African Literature Bureau ilitoa riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika. Mwandishi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, alikuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam muda mfupi kabla ya hapo. Jina la riwaya ni mojawapo ya majina ya heshima ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki, na uteuzi huo peke yake uliwatosha baadhi ya wasomaji kukunja uso. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali anayempiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Akiwa amelelewa katika woga wa wanaume, Rosa anakwenda shule ya bweni Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro. Huko anaanguka, anatoa mimba, na hatimaye anajiua.

Kwa muda riwaya hii ilizuiwa kutumika shuleni. Baadaye ilikubaliwa, ikaingia miongoni mwa vitabu vya kusomwa katika shule za sekondari. Kezilahabi aliendelea kuandika hadi akawa miongoni mwa waandishi wakuu wa Kiswahili. Alifariki Januari 2020. Maoni ya wasomaji juu ya kitabu hiki yaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la walezi. Hawa hawasemi lazima kwamba kitabu ni kibaya. Wanasema kwamba darasa la vijana wa kike na wa kiume chini ya mwalimu mmoja si mahali pake. Hoja yao ni ile ile ya unyago: kila neno na mahali pake. Haifai kuidharau hoja hii kwa kuiita ushamba.

Fungu la pili ni la wanaoiona riwaya kuwa funzo. Wanasema kwamba maisha ya Rosa ni onyo kwa vijana, na onyo lisilotaja hatari si onyo. Fungu hili linakitetea kitabu, lakini kwa bei fulani: linakiomba msamaha. Kana kwamba ukurasa wenye mwili unaruhusiwa tu iwapo mwenye mwili huo atakufa mwishoni.

Fungu la tatu ni la wanaouliza nani mwenye kosa. Hao huyaelekeza macho yao kwa Zakaria na kwa wanaume wenye vyeo wanaomtumia Rosa, nao hushangaa kwamba msomaji aone aibu kwa sababu ya kitendo kutajwa, asione aibu kwa sababu ya fimbo ya baba. Fungu la nne ni la wahakiki wanaoipima riwaya kwa sanaa yake tu, yaani lugha, muundo na uchoraji wa wahusika, na kuliacha suala la maadili kwa wengine.

Mafungu haya manne yana haki ya kusikilizwa. Tatizo ni kwamba yote yalirithi neno moja. Mlezi aliyetaka kusema “si cha umri huu” alijikuta akisema “kina matusi”, na mtetezi akalazimika kujibu “hakina matusi”. Mjadala juu ya malezi, mamlaka na sanaa ukawa mjadala wa kuhesabu kurasa.

Ubaya mwingine wa kukosa maneno ni kwamba vitu visivyofanana huwekwa kapu moja. Katika miaka hiyo hiyo Mkenya David Maillu alikuwa akiandika kwa Kiingereza vitabu vyepesi juu ya pombe na mapenzi ya mjini, kama vile After 4.30 cha mwaka 1974, na vitabu vyake vilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1976. Mtu aweza kuvipenda au kuvichukia, lakini hakuna mhakiki makini atakayesema kwamba nia na njia yake ni sawa na ya Kezilahabi. Katika Kiswahili cha maofisini, hata hivyo, vyote viliweza kuandikiwa maelezo yale yale.

4. Neno lililohama: ngono

Wako watakaosema kwamba lugha yetu ina haya kwa asili, na kwamba istilahi za mambo haya hazitakubalika kamwe. Historia ya neno “ngono” yawapinga. Zamani neno hili lilikuwa na maana finyu ya maisha ya mitala: zamu ya mke kukaa na mumewe. Lilikuwa neno la haki na mgao. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Tanzania, katika Mkoa wa Kagera. Waganga, waandishi wa habari na watumishi wa serikali walihitaji neno lisilo tusi wala fumbo, kwa kuwa onyo la afya halivumilii fumbo. “Ngono” lilienea katika matangazo, likazaa “ngono zembe” na “ngono salama”, na leo linatamkwa bungeni na makanisani bila mtu kuinamisha kichwa. Sheria ya mwaka 1998 ikalipa nguvu neno jingine, “makosa ya kujamiiana”.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, haya ya lugha si mwamba usiosogea. Haja ikiwa ya kweli, lugha hutafuta neno na watu hulizoea. Pili, neno lililokulia zahanati hubaki na harufu ya dawa. “Ngono” linafaa kwa bango la afya, lakini mhakiki anayeliandika juu ya shairi la mapenzi amelipeleka shairi hospitali.

5. Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, twaleta mbele ya wasomaji mgawanyo ufuatao, ili ujadiliwe.

(a) Fasihi ya ashiki: maandishi ya kubuni ambayo kiini chake ni tamaa ya mwili baina ya wapenzi, yakiwa yameandikwa kwa nia na ufundi wa kifasihi. “Ashiki” limekwisha zoeleka katika ushairi, nalo lina joto bila matope. Wako watakaopendelea “fasihi ya mahaba”. Lakini mahaba ni mapana mno, maana hata mama na mwanawe wana mahaba.

(b) Ponografia: maandishi au picha zilizotengenezwa kwa ajili ya kuamsha tamaa tu, bila nia nyingine. Neno hili lina asili ya Kigiriki, kutokana na kuandika habari za makahaba, na limekwisha ingia katika matumizi. Libaki kwa maana hii, wala lisitumiwe kuwa jina la kila kitabu kisichopendwa.

(c) Maandishi machafu: hili liwe neno la sheria peke yake. Uchafu ni hukumu, na hukumu ni kazi ya mahakama baada ya kusikiliza pande zote. Mkutubi, mhariri na mwalimu wasiliandike katika maelezo ya kitabu kabla mahakama haijasema.

(d) Matusi: neno hili lirudi kwenye kazi yake ya kwanza, yaani kumvunjia mtu heshima kwa maneno.

(e) Kitabu cha watu wazima: kwa wale wasemao, kama fungu la kwanza hapo juu, kwamba kitabu kina mahali pake na umri wake. Maelezo haya yanataja msomaji, hayakihukumu kitabu.

Faida ya mgawanyo huu yaonekana tukiujaribu kwa Rosa Mistika. Si ponografia, na hilo halina ubishi. Lakini pia si fasihi ya ashiki, kwa kuwa kiini chake si tamaa bali malezi. Kurasa zake chache za mwili zinaitumikia hoja hiyo. Kama maneno haya yangekuwapo mwaka 1971, yumkini riwaya hii ingezuiwa vilevile, kwa sababu ya umri wa wasomaji. Lakini ingezuiwa kwa sababu iliyotajwa wazi, na sababu iliyotajwa wazi yaweza kujibiwa. Neno “matusi” halijibiki.

Hitimisho

Mjadala huu haujaisha. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu za maadili, na wazazi, walimu na waandishi wakagawanyika tena. Utatokea mwingine, kwani kila kizazi huwa na kitabu chake kinachowatia wazee hofu. Hatuwezi kuwazuia wasomaji kutofautiana, wala haifai. Tunaloweza ni kuhakikisha kwamba wanapotofautiana, kila mmoja anajua mwenziwe amesema nini.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mfasiri naye hana budi kulifunua jambo mbele ya macho yake mwenyewe, alitazame bila kupepesa, ndipo alichagulie neno lenye staha. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa mahakama watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi tano, pamoja na maneno mengine yanayotumika katika sehemu zao, ili yafikiriwe kabla ya orodha kupelekwa kwenye kikao cha usanifishaji.